Jinsi ya kuhamisha mtihani kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta bila kumuumiza mwanafunzi

Walimu wenzangu, shule au chuo kikisema sasa tunahamia mitihani ya kompyuta, mazungumzo yote yanaenda kwenye mashine: zipo ngapi, zina uwezo gani, nani atazileta. Mimi nashauri muanze na swali lingine kabisa, mtihani wenu unapima nini? Kwasababu kompyuta ikiingia kati ya mwanafunzi na somo inaleta kipimo chake yenyewe bila kukuomba ruhusa. Mtoto anajua baiolojia vizuri tu ila herufi anaitafuta kwa kidole kimoja, dakika zinakatika, mwisho anapata maksi ndogo kuliko mwenzake ambaye somo halijui kihivyo ila kibodi kaizoea. Hapo umepima kibodi, baiolojia hujaigusa. Karibu kila kitu nitakachoandika hapa chini ni namna ya kuziba hilo tundu.

Wala hili sio jambo la majaribio tena. GRE, mtihani wa kuomba masomo ya uzamili, ilianza kufanyika kwa kompyuta miaka ya mwanzo ya 1990, TOEFL, ule wa Kiingereza kwa wageni, ikafuata 1998, JAMB, bodi ya udahili ya Nigeria, ilihamisha mtihani wake wote wa kuingia vyuo kwenye kompyuta 2015, Finland walianza 2016 na mtihani wa kumaliza sekondari, wakaingiza masomo machache machache mpaka 2019 yakawa yote, na SAT, mtihani wa kuomba vyuo vya Marekani, imeacha karatasi 2023 kwa watahiniwa wa nje ya Marekani alafu 2024 ndani ya Marekani. Angalia hao Finland: nchi tajiri, shule zina vifaa, na bado walienda somo kwa somo kwa miaka. Kwahiyo mtu akikwambia mitihani yote ihamie muhula ujao, mwambie taratibu.

Chagua mtihani wa kuhamisha

Maswali ya kuchagua jibu, ya kweli au si kweli, ya kuoanisha na ya jibu fupi la namba, haya hamisha hata kesho, kompyuta inasahihisha yenyewe na haichoki. Insha nazo zinahama vizuri kama wanafunzi wameshazoea kuchapa darasani mwaka mzima, kama hawajazoea ziache kwenye karatasi kwanza.

Penye kazi ni hisabati, fizikia na kemia. Kompyuta inaona jibu la mwisho, njia haioni. Kwenye karatasi mwanafunzi aliyekosea kujumlisha mwishoni bado anapata maksi 4 kati ya 5 kwasababu njia yake msahihishaji ameiona, kwenye kompyuta swali lile lile anapata sifuri, na hiyo sio haki. Una njia mbili hapo. Ya kwanza ni kuvunja swali vipande, kila hatua iwe na kisanduku chake na maksi zake, ila uangalie kosa la hatua ya kwanza lisije likamuadhibu mpaka hatua ya nne. Ya pili ni kuchanganya, maswali mafupi yakae kwenye kompyuta na yale ya kuonyesha njia, kuchora mchoro au kuchora grafu yabaki kwenye karatasi siku hiyo hiyo. Mimi napenda ya pili, ni rahisi na haimlazimishi mtoto kuchora mche wa kioo kwa mausi. Na hata swali likiwa la kompyuta tupu mpe karatasi ya kukokotolea, iwe na jina lake na ikusanywe mwishoni.

Programu

Sio lazima ununue kitu. Moodle ipo tangu 2002, ni ya bure, unaiweka kwenye seva yako mwenyewe, yaani ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine, na ndani ya Moodle kuna sehemu ya mitihani yenye saa, benki ya maswali na ripoti. Kuna Safe Exam Browser iliyoanzia chuo cha ETH Zurich, nayo ya bure, kazi yake ni kuifunga mashine isifungue kitu kingine mpaka mtihani uishe. Fomu za Google ni nzuri kwa kajaribio ka dakika kumi darasani, ila kwa mtihani wa maksi kubwa siziamini, zenyewe hazina saa ya kukata muda.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba intaneti sio lazima. Seva moja inakaa chumba hicho hicho, kompyuta zote zinaunganishwa nayo kwa nyaya au wifi ya ndani, mtihani unaendelea hata dunia nzima ya nje ikizima. Finland ndo walivyoanza, kila shule ilikuwa na seva yake ya mtihani na mwanafunzi aliwasha leptopu kupitia flashi maalum kwahiyo mafaili yake ya ndani hayakufunguka. Kama intaneti yako ina tabia ya kukatika basi usihangaike kutafuta laini yenye kasi zaidi, weka seva ndani ya chumba.

Kuandika maswali, hapa kaa muda mrefu

Kosa kubwa ni kuchukua mtihani wa zamani wa karatasi na kuupachika kwenye skrini kama ulivyo. Nakupa mfano mmoja tuuangalie kwa karibu, huu umeandikwa kwa muundo unaoitwa Aiken ambao Moodle inausoma moja kwa moja, unaandika kwenye faili la kawaida la maandishi alafu unapandisha maswali mia kwa mkupuo:

Gari limetembea kilomita 150 kwa saa 2 na dakika 30. Wastani wa mwendo wake ni kilomita ngapi kwa saa?
A. 60
B. 65.2
C. 75
D. 375
ANSWER: A

Angalia majibu ya uongo, hamna hata moja lililookotwa. Aliyechagua 65.2 ameigeuza saa 2 na dakika 30 kuwa 2.3, aliyechagua 75 amezisahau zile dakika 30, aliyechagua 375 amezidisha badala ya kugawanya. Kila kipotoshi kinatokana na kosa ambalo watoto wanalifanya kweli, kwahiyo ukisoma matokeo unajua nani umfundishe nini. Ukiweka 60, 7, 1000 na 12 mwanafunzi anachagua 60 bila kukokotoa chochote, na kompyuta itamsifia.

Sasa mitego ya kompyuta yenyewe. Programu ikichanganya mpangilio wa majibu, yale majibu ya "yote hapo juu" au "A na C" yanakufa, maana hapo juu yake kunaweza kuwa hamna kitu kabisa. Yafute yote kabla hujawasha setingi ya kuchanganya. Maswali yanayotegemea kifungu kimoja cha habari yasitawanywe, yakae pamoja, na kifungu kionekane upande mmoja wa skrini na swali upande wa pili, maana kupanda na kushuka kutafuta sentensi kunakula muda na kunachosha macho. Epuka maswali ya menyu ya kushuka, ile orodha ya majibu inayofunguka ukiibofya, kama unaweza, kwasababu kwenye baadhi ya mashine mtu akishachagua jibu alafu akazungusha gurudumu la mausi ili ashuke chini ya ukurasa, jibu linabadilika lenyewe na hajui. Vile vitufe vya duara vya kawaida ni salama zaidi.

Jibu fupi la kuandika ndo lenye machozi mengi. Umeweka jibu ni "usanisinuru", mmoja akaandika "Usanisinuru" kwa herufi kubwa, mwingine "usanisi nuru", mwingine ameacha nafasi mwishoni, mwingine amekosea herufi moja, na kama hukuiambia programu ipokee yote hayo basi wote ni sifuri. Kaa na mwenzako mkaorodheshe kila namna ambayo binadamu mwenye jibu sahihi anaweza kuliandika, na bado baada ya mtihani upitie kwa macho majibu yote yaliyokataliwa, hii usiiruke. Kwenye namba weka kiwango cha kukubali tofauti, kwamfano jibu ni 3.14 ukubali kuanzia 3.13 mpaka 3.15, na useme wazi ndani ya swali anakadiria mpaka nafasi ngapi za desimali, anatumia nukta au mkato, na kizio anakiandika au hakiandiki. "Andika namba tu, bila kizio" ni maneno machache ila yanaokoa watoto wengi sana.

Kuhusu kubahatisha: swali la majibu manne mtu akichagua kwa macho yaliyofumbwa ana asilimia 25, yaani kwenye maswali 40 anaweza kuokota kama 10 bila kujua kitu. Wapo wanaokata maksi kwa jibu lisilo sahihi ili kuzuia hilo. Mimi sikubaliani nao, anayeumia ni yule mwanafunzi mwoga ambaye jibu analijua ila hana uhakika wa asilimia mia, anaacha wazi, na yule jasiri anabahatisha hivyo hivyo. Ni bora alama ya kufaulu uipange ukijua hizo 10 zipo.

Benki ya maswali

Ukitaka kila mtahiniwa apate seti yake, unahitaji maswali mengi kuliko yanayotokea kwenye mtihani. Kwa mtihani wa maswali 40 mimi naona 120 ndo mwanzo unaoeleweka. Alafu usiiambie programu "okota 40 popote", panga mafungu kwa mada na kwa ugumu, useme okota 4 rahisi za mada hii, 3 za kati, 1 ngumu, na kadhalika mpaka zifike 40. Bila hivyo mmoja atapata bahati ya maswali laini na jirani yake atapata mawe matupu, na ukija kulinganisha maksi zao unalinganisha vitu viwili tofauti.

Mtasikia pia habari za mitihani inayojirekebisha, ukipata unaletewa swali gumu zaidi, ukikosa unaletewa rahisi. Mtihani wa leseni ya wauguzi wa Marekani, NCLEX, umekuwa hivyo tangu 1994. Ni kitu kizuri ila kinataka maelfu ya maswali yaliyojaribiwa kwa watu wengi mpaka ugumu wa kila moja ujulikane kwa namba. Kwa shule au chuo kimoja achaneni nayo.

Siku ya mazoezi

Kama kuna kitu kimoja naomba usikiache ni hiki. Kabla ya mtihani wenyewe kila mwanafunzi, hata yule anayejifanya mjanja wa simu, akae kwenye mashine zile zile, programu ile ile, afanye mtihani wa uongo wenye maswali ya kitoto kabisa. Leo siku gani, mbili jumlisha mbili ngapi, andika jina la mnyama yeyote. Maswali yawe mepesi makusudi ili akili yote iende kwenye mashine: namna ya kuingia, kwenda swali linalofuata na kurudi nyuma, kubadilisha jibu, kuliwekea alama swali analotaka kulirudia, saa ipo wapi, na kitufe cha kumaliza kinauliza nini kabla hakijakubali. Mwache pia azime mashine katikati alafu awashe aingie tena, aone kwa macho yake majibu bado yapo. Hofu yote ya "majibu yangu yatapotea" inaisha hapo hapo.

Wewe msimamizi usikae mbele siku hiyo, zunguka nyuma ya viti uangalie mikono. Utamwona mwenye kubofya mara mbili kila kitu, mwenye kuinua mausi hewani, mwenye kuogopa kugusa. Waandike majina bila kuwatangaza, wapewe muda wa ziada wa mazoezi mpaka mkono uzoee. Na kama kuna insha, muda wa mtihani uupange kwa kasi ya wanafunzi wako wanavyochapa, usiupange kwa kasi yako.

Chumba na mashine

Weka mashine za akiba, moja kwa kila kumi, ziwe zimewashwa tayari na sio zimefungwa stoo. Leptopu ni bora kuliko kompyuta za mezani kwasababu umeme ukikatika chaji inashikilia. Kama ni za mezani weka UPS, zile betri za kushikilia umeme ukikatika, na ukiwa nazo chache anza na seva pamoja na swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha mashine na seva. Watu wanakumbuka seva wanasahau swichi, umeme unakatika, seva inapumua vizuri tu lakini hamna mashine inayoifikia.

Zima apdeti za mashine zote wiki ile, hamna kitu kibaya kama skrini kuandika inajiwasha upya mtoto yupo swali la 31. Skrini zipange ili jirani asipige chabo, zipishane au weka ubao katikati. Paswedi ziwe kwenye vikaratasi vilivyochapwa, ndani yake usichanganye sifuri na herufi O, wala moja na herufi l ndogo, maana nusu ya vurugu za dakika kumi za kwanza zinatoka hapo. Na seva inachoka zaidi pale watu wote wanapoingia kwa pamoja na pale wote wanapomaliza, kwahiyo waingize mstari kwa mstari, na kabla ya siku yenyewe ijaribu na idadi kamili ya mashine zikibofya wakati mmoja, usiijaribu na tatu ukasema ipo sawa.

Wanafunzi wenye mahitaji maalum waandalie mapema. Kompyuta hapa inaweza kuwa msaada mkubwa kuliko karatasi, maandishi yanakuzwa, rangi za skrini zinabadilishwa, asiyeona anasomewa na programu kupitia hedifoni, muda wa ziada unawekwa kwenye akaunti yake bila kumnyanyua mbele ya wenzake. Ila uhakikishe picha zina maelezo ya maandishi na hamna swali linalosema "angalia mstari mwekundu" bila alama nyingine. Na atakayehitaji karatasi apewe karatasi.

Siku yenyewe

Wasimamizi wawe wa aina mbili, wa mtihani na wa mitambo, na wa mitambo asiwe ndo mwalimu wa hilo somo. Mashine ikiganda utaratibu uwe mmoja kwa wote: mkono juu, msimamizi anaandika saa kwenye daftari, mtahiniwa anahamia mashine ya akiba, anaingia upya, anaendelea, na dakika alizopoteza anaongezewa zote. Moodle ikiachwa na setingi zake za kawaida inasevu majibu yenyewe kila dakika moja, kwahiyo kinachopotea ni kidogo sana, ila hakikisha hiyo setingi hamna mtu aliyeizima.

Setingi nyingine ya kuangalia mara mbili ni kinachotokea muda ukiisha. Kuna chaguo la programu kukusanya majibu yenyewe, na kuna chaguo linalosema asiyebofya kumaliza kabla ya muda majibu yake hayahesabiwi. Hilo la pili linaweza kumfuta mwanafunzi aliyefanya maswali yote ila akachelewa sekunde chache kubofya. Weka la kwanza.

Muamue mapema, na muandike, nani ana mamlaka ya kusema tunasimamisha, na seva ikilala dakika ngapi ndo mnahamia kwenye karatasi za dharura. Hizo karatasi ziwepo kweli, zimechapwa na kufungwa kwenye bahasha. Kuamua katikati ya kelele ndo kunaleta mtihani wa watu kufanya nusu huku na nusu kule.

Kama mnaingia kwa awamu, waliotoka watawaambia wanaoingia, hiyo ni tabia ya binadamu. Ama kila awamu iokotewe maswali mengine kwenye benki, ama wa kwanza wabaki ndani mpaka wa pili wakae na simu zao zikusanywe. Mitihani ya kufanyia nyumbani huku kamera inamkodolea mtu siipendi, asiye na chumba cha peke yake anaonekana mwizi kila ndugu yake akipita nyuma. Kama lazima iwe nyumbani, tunga maswali ambayo hata akifungua daftari bado anatakiwa kufikiri.

Baada ya mtihani

Kompyuta inaweza kutoa matokeo sekunde ile ile, usikubali. Chukua bekapu kwanza kwenye diski nyingine, alafu fungua ripoti ya maswali. Kwa kila swali angalia asilimia ngapi wamepata, na waliopata ni kina nani. Swali gumu la kawaida wenye maksi za juu wanalipata na wa chini wanalikosa. Ukiona limegeuka, vinara wote wamekosa alafu wa mwisho ndo wamepata, asilimia kubwa jibu uliloliweka kwenye mfumo sio sahihi au swali lina maana mbili. Likague na mwalimu mwenzako, rekebisha, amuru programu isahihishe upya kwa wote. Kwenye karatasi kosa kama hili lingekutaka ufungue mafurushi yote, hapa ni kubofya mara moja tu, kwahiyo huna sababu ya kuliacha.

Insha zisahihishwe na binadamu, majina yafichwe, na msahihishaji apitie swali la kwanza kwa wote ndo aende la pili, mfumo unaruhusu hivyo. Matokeo yakitoka yaonyeshe maksi za kila mada, "umepata 62" peke yake haimsaidii mtu kujua arudi kusoma wapi.

Majibu ghafi pamoja na kumbukumbu za muda zitunzwe mpaka kipindi cha rufaa kiishe, na zifunguliwe na watu wachache tu wanaojulikana, hizo ni taarifa za watu. Mwanafunzi akilalamika aketi na mwalimu aone swali alilopata, jibu aliloandika, saa aliyoliandika na jibu lililokubaliwa. Hoja yake ikiwa ya kweli, maksi zibadilishwe kwa kila aliyepangiwa swali lile, sio kwa aliyelalamika peke yake.